Mtoto Huyu Amejifunza kwa Nani?

 

Nawasalimu wapendwa wote, ninyi wa Arua na Koboko, wa Maracha na Yumbe, ninyi wa Ariwara, Aru, Mahagi na Bunia, na ninyi wa Yei, Morobo na Kajo-Keji, pamoja na wale walio bado kambini. Nawasalimu wazee wetu, mapapa na mamama watumishi, na vijana. Na watoto pia, kwa sababu neno la leo linawahusu, na mara nyingi tunazungumza juu yao kama vile hawapo.

Kamati ya sherehe ilinipa kichwa hiki: “Kwa nini adabu za watoto zinashuka?” Nilipokipokea niliona ni rahisi. Nani hajui kulalamika juu ya watoto? Kaa tu chini ya mti pale Awindiri saa kumi jioni na wazee, utapata mahubiri matano. Lakini nilipofungua Biblia nikaona kuna swali lingine chini ya hili: Mtoto huyu amejifunza kwa nani? Hilo ndilo nitakalolijibu. Ndugu yangu unayesoma, shika Biblia yako karibu. Fungua 1 Samweli, mlango wa 2 na wa 3, tutarudi hapo.

Tunachokiona

Kwanza tuseme ukweli wa mambo yalivyo. Zamani mtoto akikutana na mzee njiani, alipisha, akasalimu, akangoja kujibiwa. Binti akikuletea maji, alipiga magoti. Leo mtoto anakupita na nyaya masikioni, hakuoni. Unamtuma dukani, anakuuliza, “Na mimi utanipa ngapi?” Unamkanya, anakujibu, “Wewe si baba yangu.” Kijana wa miaka kumi na minne anachukua pesa ya mama ya dagaa, anakwenda kuweka mkeka wa beting. Kanisani wanakaa viti vya nyuma kabisa, mwanga wa simu uko usoni mwao wakati neno linahubiriwa.

Na kila upande wa mpaka malalamiko ni yale yale. Ukiwa Ariwara, mama wa sokoni anakuambia, “Papa, hii batoto ya sasa iko kichwa nguvu.” Ukivuka Oraba kwenda Kaya, mzee anakuambia vita vimeharibu watoto. Ukirudi Arua, watu wanasema mji umewaharibu. Kila mmoja anafikiri ugonjwa huu ni wa kwao peke yao.

Je, ni kweli?

Lakini ngoja kidogo, tusiwaonee watoto. Wazee wamelalamika juu ya vijana tangu zamani sana. Soma Waamuzi 2, mstari wa 10, utaona kwamba baada ya Yoshua na watu wa wakati wake kufa, kiliinuka kizazi kisichomjua Bwana wala kazi alizozitenda. Hao hawakuwa na simu. Hawakuwa na kibanda cha video. Sasa walipotea vipi? Mtu hazaliwi akijua habari za Bwana, husimuliwa. Kama kizazi kizima hakikujua, basi kuna watu wazima ambao hawakusimulia.

Tena, watoto wa leo wana mema mengi ambayo sisi hatuyahesabu. Nenda Rhino Camp, nenda Imvepi, nenda Bidi Bidi. Utamkuta msichana wa miaka kumi na tano anawapikia wadogo zake wanne, anawapeleka shule, anapanga foleni ya chakula, na usiku anaomba nao. Huyo hana adabu? Huyo ana adabu kuliko watu wazima wengi ninaowajua.

Kwa hiyo mimi sisemi watoto wameharibika. Nasema ua uliowazunguka umeanguka. Ukiona mbuzi shambani mwa watu, kumpiga mbuzi peke yake hakutoshi. Nenda ukaangalie ua. Tuangalie basi, ua umeanguka wapi.

Mahali pa kwanza: ukoo umetawanyika

Kwa Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wamadi na Wakuku, mtoto hakuwa wa baba na mama peke yao. Alikuwa wa ukoo. Shangazi alimkanya, mjomba alimfundisha, bibi alimsimulia, jirani alimrudisha nyumbani akimkuta anazurura. Mtoto alikuwa na macho ishirini juu yake.

Halafu ikaja 1979. Serikali ya Amin ilipoanguka mwezi wa nne mwaka ule, na katika vita vilivyofuata, maelfu kwa maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Watu wa rika langu wengi tumezaliwa au tumekulia huko ukimbizini, tukala mihogo ya watu na kujifunza lugha zao. Wengi walirudi katikati ya miaka ya 80, wakakuta nyumba zimekuwa msitu. Ukoo ulirudi vipande vipande.

Kisha mji ukakua. Arua imekuwa jiji tangu Julai 2020. Sisi wa Awindiri tunaijua maana yake. Nyumba za vyumba vya kupanga, huku Mlugbara, kule Mkakwa, mlango wa tatu Mkongo, wa nne mtu wa Yei, wa tano mtu ametoka Kampala juzi. Ni baraka, tunaishi pamoja kwa amani. Lakini ukimkanya mtoto wa mlango wa tatu, jioni mama yake anakuja mlangoni kwako na maneno, “Mtoto wangu amekukosea nini? Chunga wako.” Siku ya pili ukimwona mtoto yule yule anavuta bangi nyuma ya choo, unanyamaza. Unasema, si wangu. Na yeye wako akifanya hivyo, jirani ananyamaza. Mtoto amejifunza kwamba hakuna anayemtazama.

Mahali pa pili: vita

Ndugu zetu wa Sudan Kusini wanajua kuliko mimi. Vita vya Desemba 2013, halafu vile vya Julai 2016 vilivyoimwaga Yei na vijiji vyake vyote. Bidi Bidi ilifunguliwa Yumbe mwezi wa nane 2016, na kwa miezi michache tu watu wakapita laki mbili. Watoto wengi walivuka bila baba wala mama. Na ndugu zetu wa Ituri, mmezika na kukimbia mara nyingi kiasi kwamba mtoto wa huko akisikia mlango unagongwa kwa nguvu anaingia chini ya kitanda.

Mtoto aliyemwona mtu mzima akiua, akiiba au akikimbia na kumwacha, utamwambia nini kuhusu kuwaheshimu wakubwa? Anahitaji kwanza mkubwa mmoja ambaye hatamkimbia. Naomba katika ushirika wetu neno “watoto wa kambi” lisitumike kama tusi. Baba zetu na sisi tulikuwa watoto wa kambi.

Mahali pa tatu: shule imelemewa

Uganda ilianza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997. Kongo ilitangaza shule za msingi za serikali kuwa bure mwaka 2019. Tunamshukuru Mungu, watoto wa maskini wameingia darasani. Lakini mwalimu mmoja mbele ya watoto mia moja na zaidi, huyo atajua jina la mtoto wako? Atajua kwamba wiki hii amebadilika? Hata hivyo sisi wazazi tumemwachia mwalimu kazi yetu yote. Tunalipa pesa ya karatasi za mtihani, tunafikiri tumelipa na adabu.

Halafu ikaja corona. Hapa Uganda shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Nchi chache sana duniani zilifunga muda mrefu hivyo. Wasichana wengi walipata mimba. Wavulana wakaenda kupasua mawe, kuuza petroli ya chupa, kusukuma mizigo, kuendesha boda boda. Sasa fikiria kijana aliyejitafutia pesa yake mwenyewe kwa miaka miwili, akamnunulia mama chumvi na sabuni, halafu unamrudisha kwenye dawati la darasa la tano na kumwambia “kaa chini, nyamaza.” Amekuwa mtu mzima mfukoni, lakini hajakua moyoni. Hakuna aliyekaa naye kumwelewesha. Tulimwona ana kiburi, tukaishia hapo.

Mahali pa nne: sisi wenyewe na mpaka

Hapa nisikilizeni vizuri, na msinikasirikie. Sisi ni watu wa mpakani. Mpaka ni shamba letu. Wengine wanaishi kwa soko la Ariwara, wengine kwa malori ya Juba, wengine kwa mbao, kahawa, vitenge, mafuta. Biashara si dhambi. Lakini njia za panya tunazijua, si ndiyo? Na ni nani tunayempitisha huko na mzigo kichwani, kwa sababu askari wa forodha hatamshuku? Mtoto. Tunamfundisha: “Ukiulizwa, sema unapeleka kwa koko wako. Ukiulizwa jina la baba, sema hujui.”

Jumapili mtoto huyo huyo tunamfundisha amri kumi.

Mgeni mdai anagonga mlango, mama yuko chumbani, anamtuma mtoto aseme mama amekwenda sokoni. Baba anapokea simu akiwa Awindiri, anasema, “Niko Koboko, nafika kesho.” Mtoto amekaa hapo hapo anasikia. Mwezi ujao mtoto anatuambia alikuwa shule, kumbe alikuwa kwenye beting. Tunashika kichwa, tunasema, uongo huu ameutoa wapi?

Wapendwa, ameutoa mezani kwetu. Hakuna nguvu ya mahubiri itakayoshinda kitu mtoto anachokiona kila siku kwa macho yake.

Mahali pa tano: simu, pombe na kamari

Simu ya tachi si shetani. Hata jarida hili litasomwa na wengine kwenye simu. Lakini tunampa mtoto wa miaka kumi mlango wa dunia nzima, halafu hatuulizi anaingia wapi. Wengine wanampa simu ili anyamaze tu, mzazi apumzike.

Pombe kali za vifuko zilipigwa marufuku Uganda mwaka 2019, lakini chupa ndogo ndogo bado ziko, na mtoto anazinunua akiwa na pesa ya chai. Kamari nayo, sheria ya Uganda ya 2016 inakataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza. Miaka 25! Sasa pita mbele ya nyumba za beting jioni, hesabu mwenyewe wenye ndevu ni wangapi. Na tuulizane, nyumba hizo zimepanga kwenye majengo ya nani? Wengine wenye majengo wanaimba kwaya.

“Haki za watoto ndizo zimeharibu”

Hilo nimelisikia mara nyingi, hata kwenye mikutano ya wachungaji. Watu wanasema, serikali imewapa watoto haki, imetunyang'anya fimbo, basi tumeshindwa. Tulipime.

Ni kweli, marekebisho ya Sheria ya Watoto ya Uganda ya mwaka 2016 yalikataza adhabu ya viboko shuleni. Lakini sheria hiyo hiyo ya watoto inamwagiza mzazi ampe mtoto elimu na mwongozo, chanjo, chakula cha kutosha, mavazi, makao na matibabu. Umeona? Mwongozo ni haki ya mtoto. Mzazi asiyemwongoza mtoto wake amemnyima haki yake, kama vile amemnyima chakula.

Kuna pia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao wakuu wa nchi zetu za Afrika waliupitisha mwaka 1990. Kifungu cha 31 kinazungumza juu ya wajibu wa mtoto. Kinasema mtoto ana wajibu wa kuwaheshimu wazazi wake, wakubwa wake na wazee wakati wote, na kuwasaidia wakiwa na shida. Hayo yameandikwa ndani ya karatasi hiyo hiyo ya haki! Kwa hiyo mtoto akikuambia “nina haki,” usimpige. Mwambie, “Ndiyo mwanangu, kaa hapa, tusome zote, za kwako na za kwangu.”

Na fimbo? Mithali inaitaja, sikatai. Lakini soma pia Waefeso 6:4 na Wakolosai 3:21, ambapo Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto mpaka wakakata tamaa. Baba anayerudi amelewa au amekasirishwa na mdaiwa, akamvunja mtoto mkono kwa sababu ya kikombe, huyo hakuadibu, amemaliza hasira yake. Mtoto hapo amejifunza jambo moja, kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Naye anangoja awe na nguvu.

Neno kwetu tunaoombea watu

Sasa naingia mahali pagumu zaidi, na nasema kwa hofu ya Mungu, kwa sababu gazeti hili linasomwa na watumishi.

Mtoto akiwa mkaidi, akikojoa kitandani, akiota ndoto za kutisha, akiiba, kuna watu kati yetu wanaosema haraka, “Huyu ana pepo. Huyu ni mchawi.” Kongo jambo hili limewatesa watoto wengi sana. Wamefukuzwa nyumbani, wamelala barabarani, wamefungiwa bila chakula siku nyingi kwa jina la maombi. Mara nyingi ni yatima, au mtoto wa mke wa kwanza, au mtoto mlemavu, yaani yule asiye na mtu wa kumtetea. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamwadhibu mtu anayemshtaki mtoto uchawi. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, je, Bwana wetu alifanya hivyo? Wanafunzi walipowazuia watoto, yeye alichukizwa, akawakumbatia na kuwabariki. Soma Marko 10, kuanzia mstari wa 13.

Mimi naamini maombi ya kufungua. Nimefundishwa, na ninayafanya. Lakini mtoto aliyeona baba yake akichinjwa na sasa anapiga kelele usiku, anahitaji kulala karibu na mtu anayempenda. Mtoto anayeiba mkate, uliza kwanza kama alikula jana. Mwombee, ndiyo, weka mkono juu yake kwa upole, mzazi au mlezi akiwepo, mchana kweupe. Usimnyime chakula. Usimfunge kamba. Usimtangaze mbele ya kanisa. Mtu akitumia jina la ushirika wetu kumtesa mtoto, basi wazee wa tawi wamsimamishe huduma, na mtoto apelekwe kwa ofisi ya ustawi au polisi apate ulinzi. Tukinyamaza hapa, tusizungumze tena juu ya adabu za watoto.

Nyumba ya Eli

Turudi 1 Samweli. Eli alikuwa kuhani mkubwa pale Shilo. Wanawe Hofni na Finehasi walikuwa makuhani pia, lakini walinyang'anya watu nyama ya sadaka na kulala na wanawake waliotumika mlangoni pa hema. Angalia mambo matatu.

La kwanza, Eli alipata habari za wanawe kutoka kwa watu wa nje (2:22–24). Yeye wa nyumba moja nao ndiye aliyejua mwisho. Mtumishi, wewe unayeshinda kwenye mikutano ya injili wiki tatu kwa mwezi, unajua mwanao analala wapi?

La pili, aliwaonya, lakini ilikuwa maneno tu. Mungu alimshtaki kwamba aliwaheshimu wanawe kuliko Mungu (2:29) na kwamba hakuwazuia (3:13). Walibaki kwenye kazi ile ile, na uma ule ule mkononi. Sisi pia tuna mtoto wa mchungaji anayepiga kinanda, kila mtu anajua ametia mabinti wawili mimba, na Jumapili anapiga kinanda. Watoto wengine wanaona. Wanajifunza kwamba adabu ni kwa watoto wa maskini.

La tatu linanipa tumaini. Katika nyumba hiyo hiyo ya Eli alikua Samweli. Jengo moja, mzee mmoja, mazingira mabaya yale yale. Samweli alitoka tofauti kwa nini? Naona mambo mawili. Usiku Mungu alipoita, Eli alimfundisha mtoto jinsi ya kusikiliza na jinsi ya kujibu (3:9). Hakumfukuza akalale alipoamshwa mara ya tatu. Na jambo la pili ni mama yake. Hana alimwacha mtoto mbali, lakini kila mwaka alipanda na mumewe akamletea kanzu ndogo aliyomshonea (2:19). Mama, fikiri. Ili kushona kanzu ya mtoto aliye mbali, lazima ujue amekua kiasi gani. Kila mwaka kipimo kinabadilika.

Wengi wetu watoto wetu wako mbali. Mama yuko Juba anauza, mtoto yuko Koboko kwa shangazi. Baba yuko Bunia, mtoto anasoma Arua. Tunatuma pesa kwa simu, tunasema tumelea. Pesa haina kipimo, ndugu yangu. Wewe unajua kipimo cha mwanao sasa? Unajua rafiki yake ni nani, anaogopa nini, amefika wapi katika hesabu, amekoma kuimba tangu lini?

Na mzazi mwenye uchungu, wewe uliyefanya yote na mtoto bado amepotea, usikate tamaa. Soma mlango wa 8. Hata wana wa Samweli, Yoeli na Abiya, walipokea rushwa kule Beer-sheba. Na Samweli alikuwa mtu wa Mungu kweli. Mtoto ana hiari yake. Baba wa yule mwana mpotevu hakulaumiwa. Aliacha mlango wazi, na alikuwa anaangalia njia.

Tufanye nini?

Sherehe itapita, jarida litafungiwa maandazi. Kabla halijafungiwa, shikeni haya.

1. Salamu irudi, na ianze na sisi. Mkubwa amsalimu mtoto kwa jina lake, angoje jibu. Mtoto asiyesalimiwa hajifunzi kusalimu.

2. Kula pamoja mara moja kwa siku, hata kama ni mihogo na majani. Simu zote, ya baba kwanza, ziwekwe kando. Hapo mtoto aulizwe siku yake ilikuwaje, na aachwe amalize kusema.

3. Baba na mama wawe na neno moja. Baba akikataza, mama asifungue mlango wa nyuma. Mkibishana, bishaneni usiku, mtoto amelala.

4. Mtoto asitumwe kudanganya wala kupitisha magendo. Afadhali faida ipungue.

5. Mzazi akimkosea mtoto, aseme “nisamehe.” Hutapungua. Mtoto atajua neno hilo linatamkwaje.

6. Ukimwona mtoto wa mwenzako anakosea, mkanye kwa upole, na siku hiyo hiyo umweleze mzazi wake. Na wewe mzazi ukielezwa, sema kwanza asante, ndipo uulize. Ushirika wetu ndio ukoo tuliopewa. Macho ishirini yarudi.

7. Mkesha ukiwepo, watoto wasiachwe nyumbani peke yao. Nyumba moja ya mtaa ibaki na watu wazima wawili wanaoaminika, washike zamu. Mungu hafurahii mkesha unaomwacha binti wa miaka tisa na mlango usio na kufuli.

8. Hili ni kwa matawi yote. Mtoto wa mshirika akihamia upande mwingine wa mpaka kwa shule au kwa ndugu, mchungaji ampigie mwenzake: jina la mtoto, anakaa kwa nani, mzazi yuko wapi. Mzee mmoja wa tawi lile amtembelee ndani ya mwezi wa kwanza, na kila muhula. Sisi tuna barua za kuwapokea wahubiri wanaovuka mpaka. Mtoto anavuka bila barua, kwa nini?

Hayo hayahitaji mfadhili. Hayahitaji kungoja mkutano mkuu. Namba nane inaweza kuanza wiki hii.

Na ninyi watoto mnaosoma, au mnaosomewa. Mungu hakumngoja Samweli awe mzee ndipo amwite. Alimwita akiwa mdogo, na Samweli aliamka, akaenda kwa mzee, akasema nipo. Hata kama mkubwa wako anakosea, wewe msalimu. Hata kama umeona mabaya, Bwana anakuona. Na mtu akikuumiza, hata awe mtumishi, usifiche. Mwambie mkubwa mwingine unayemwamini. Kusema hivyo si utovu wa adabu.

Bwana aziponye nyumba zetu, za Arua na Koboko, za Kongo na Sudan Kusini. Ageuze mioyo ya baba iwaelekee watoto, na mioyo ya watoto iwaelekee baba zao, kama alivyoahidi kwa kinywa cha nabii Malaki. Na aanze na nyumba za sisi tunaosimama mimbarani.

 Amina.